Wembe, Gundi na Vyombo vya Angani

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwalimu mmoja wa sekondari jijini Kinshasa alichukua mkasi, wembe wa Gillette, gundi na karatasi, akajengea nyumbani kwake jengo dogo la kuweka mezani. Alipolimaliza alilipeleka kwenye makumbusho ya taifa. Maofisa wakalitazama jengo, wakamtazama na yeye, wakaona haiwezekani: kazi safi namna hii lazima iwe ya wizi. Wakamtaka atengeneze nyingine wakimwona. Akaitengeneza. Mwalimu huyo ni Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, upande wa Bandundu, akafika Kinshasa mwaka 1970. Makumbusho yaliyomshuku ndiyo yaliyomwajiri, akakaa miaka kadhaa akikarabati vinyago na sanamu za kale.

Shaka ile ya maofisa ndiyo iliyonifanya niifuatilie historia hii kutoka hapa Bigo, mtaa wa Bunia, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kinshasa kwa ndege. Ndani yake mlikuwa na wazo ambalo halijafa mpaka leo: kwamba anayejenga kwa vipande vya vitu vingine anasukumwa na uhaba tu, na kwamba jicho, hesabu na mpango viko kwa watu wengine. Mimi siliamini wazo hilo, na historia ya modeli, hasa modeli za vyombo vya angani, inanipa ushahidi kutoka pande mbili za dunia.

Upande wa kwanza unaanzia dukani. Airfix, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuuza modeli za plastiki za kuunganisha nyumbani: merikebu kwanza, halafu ndege ya kivita ya Spitfire. Marekani walikuwa na Revell. Japani walikuwa na Tamiya ya mji wa Shizuoka, iliyokuja kusifika kwa vifaru vyake. Biashara yote ilisimama juu ya utii. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu yake, kila kimoja na namba, pamoja na karatasi ya maelekezo. Mtoto anakata, anabandika, anapaka rangi, na mwishowe anapata ndege ileile aliyoipata mtoto wa jirani.

Walioivunja sheria hiyo kwa manufaa ya dunia nzima walikuwa mafundi wa filamu. Mwaka 1965 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha Thunderbirds, vipindi vya vikaragosi vilivyotengenezwa katika mji wa Slough. Derek Meddings na wenzake walihitaji mitambo mingi, haraka, kwa bajeti ya televisheni. Walivunja seti za maduka na kubandika vipande vyake mahali pasipo pake, na ukuta mmoja wa banda la kurushia roketi ukapata kikamulio cha limao kutoka jikoni. Watazamaji waliona sehemu ya mtambo. Miaka mitatu baadaye Stanley Kubrick, ambaye hakuwa na shida ya fedha, alitoa 2001: A Space Odyssey. Modeli kubwa ya chombo chake, Discovery, ilizidi mita 15 kwa urefu, na uso wake ulijaa vipande vidogo vilivyotoka kwenye seti za plastiki. Kumbe hata mwenye fedha aliifuata njia ileile, na hapo ndipo hoja ya uhaba inapoanza kuyumba.

Mwaka 1975 George Lucas alianzisha karakana iitwayo Industrial Light & Magic katika ghala moja la Van Nuys, California, chini ya John Dykstra. Chumba cha modeli kilikuwa cha Grant McCune, na humo walifanya kazi vijana kama Joe Johnston na Lorne Peterson. Walinunua seti kwa mamia, nyingi zikiwa za vifaru, mizinga, meli za kivita na magari ya mashindano. Hawakuzinunua ili waziunganishe. Walizifungua, wakazipanga kwa maumbo, wakasahau kila kipande kilikusudiwa kuwa nini. Gurudumu la kifaru likawa kifuniko cha tangi la mafuta ya roketi. Sehemu ya injini ya gari ikawa bomba la kutolea joto. Millennium Falcon, chombo ambacho leo hata asiyeiona filamu anakijua, kimefunikwa kwa vipande vya namna hiyo kuanzia mdomoni mpaka mkiani. Filamu yenyewe, Star Wars, ilitoka tarehe 25 Mei 1977, na mwaka uliofuata McCune alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Nieleze kwa nini njia hii inafanya kazi, maana hapa ndipo penye ufundi hasa. Jicho la mwanadamu halina rula. Likionyeshwa umbo laini jeupe lisilo na alama, haliwezi kusema kama ni kubwa kama sabuni au kama mlima. Hutafuta vitu vidogo: dirisha, ngazi, bomba, kifuniko. Likiviona vingi, na vikiwa vidogo sana, linahukumu kwamba kilichovibeba ni kikubwa mno. Lakini havifai vidogo vyovyote. Ukichonga vinundu kwa mkono, vitafanana kwa sababu mkono una tabia yake. Kipande kilichotoka kwenye kifaru kiliwahi kubuniwa na mhandisi kwa kazi ya kweli. Kina boliti mahali boliti inapostahili, kina ukingo uliokusudiwa kuzuia kitu fulani. Kazi ile ya kwanza haionekani tena, ila dalili zake zimebaki, na macho yanaziamini. Kwa hiyo fundi hachagui takataka. Anachagua dalili. Akikosea, akaweka vipande vingi mno au akavisambaza sawasawa kila mahali, chombo kinageuka upele. Waliosimamia kazi ile walijua kuacha sehemu tupu ili jicho lipumzike, kisha kuvisonganisha vipande mahali pamoja.

Sasa turudi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mwaka uleule wa 1977, kwa sababu mwezi huohuo wa Mei roketi ya kweli ilirushwa kutoka ardhi yetu. Kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, iliyoongozwa na Lutz Kayser, ilikuwa imepewa na rais Mobutu eneo kubwa kaskazini mwa mkoa wa Shaba, kwenye uwanda wa juu unaotazama mto Luvua. Wazo la Kayser lilikuwa kujenga roketi ya bei nafuu kwa kufunga pamoja mabomba membamba yanayofanana, machache kwa mzigo mdogo, mengi kwa mzigo mkubwa. Vali za kuruhusu mafuta zilifunguliwa na mota ndogo za kufutia vioo vya magari, zilizonunuliwa kama zilivyo kutoka viwandani. Roketi ya pili iliruka Mei 1978. Ya tatu, Juni mwaka huohuo, ilianguka Mobutu mwenyewe akiitazama. Mwaka 1979, baada ya shinikizo kubwa kutoka nje, hasa kutoka kwa Wasovieti, kampuni ikafukuzwa. Mtu anaweza kuucheka mradi ule, lakini mimi nauheshimu kwa jambo moja: mhandisi aliyesoma sana aliona mota ya wiper na kuiona vali ya roketi. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba amefanya hivyo kwa sababu ya umaskini.

Kizazi cha Kingelez kililelewa na hewa hiyo. Oktoba 1969 Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins walipita Kinshasa katika ziara yao ya dunia baada ya kutoka mwezini. Jiji lilikuwa linapanda ghorofa, televisheni inafunguliwa, na dola mpya inapenda kujionyesha kama ya kesho. Kisha miaka ya 1980 ikaja na shaba iliyoshuka bei, mishahara isiyolipwa na majengo yaliyobaki mifupa. Katika jiji hilo linalochakaa Kingelez aliacha kazi ya makumbusho akaanza kujenga miji yake mwenyewe.

Aliziita kazi zake modeli za kupita kiasi, na jina hilo linazistahili. Malighafi yake ilikuwa karatasi za rangi, kadibodi, makasha ya bidhaa, makopo ya soda, vizibo vya chupa, mirija, vijiti vya meno, pini na plastiki. Lakini ukikaribia huoni makasha. Unaona mnara wenye kingo kali kama zilizokatwa na mashine, ghorofa zinazofunguka kama maua, ngazi zenye rangi tatu, nyota, namba, majina ya nchi. Mwaka 1989 Jean-Hubert Martin alimwalika Paris kwenye maonyesho ya Magiciens de la Terre, na dunia ya sanaa ikamjua. Mwaka 1994 alimaliza Kimbembele Ihunga, ambapo kijiji alichozaliwa, kisicho na lami wala umeme wa kutosha, kimegeuka jiji kubwa lenye urefu wa zaidi ya mita tatu juu ya meza, lenye kituo cha treni na uwanja wa michezo uliopewa jina lake. Mwaka 1996 ikafuata Ville Fantôme, karibu mita sita kwa urefu, mji ambao yeye mwenyewe aliueleza kuwa hauna haja ya polisi wala askari kwa kuwa watu wake wanaishi kwa amani.

Nimesoma mara nyingi Kingelez akiwekwa katika kapu la wasanii wa kurejeleza taka. Wanaosema hivyo wanamsifu, lakini wanairudia shaka ya wale maofisa wa makumbusho kwa sauti ya upole. Yeye alijiona mbunifu wa majengo na mwonaji wa miji ijayo. Alipopata fedha alinunua karatasi nzuri na plastiki mpya, na miji yake haikubadilika tabia. Ilizidi kuwa mikali. Kama uhaba ndio ungekuwa chanzo cha ubunifu wake, fedha ingeukausha. Mwaka 1991 alijenga kituo cha kisayansi cha kulaza wagonjwa wa ukimwi wakati hospitali halisi za Kinshasa zilikosa glavu. Mwaka 1995 alijenga makao yake ya Umoja wa Mataifa. Hizi si ndoto za mtu aliyelewa rangi. Ni mipango, na kila mpango una jibu kwa swali ambalo serikali ilikuwa imelikwepa.

Baada yake akaja mtu anayekaribia zaidi chumba kile cha Van Nuys. Rigobert Nimi alizaliwa mwaka 1965 huko Tshela, Kongo ya Chini, na akafanya kazi yake Kinshasa. Tofauti na Kingelez, yeye anaipenda mashine hasa. Anajenga viwanda, roboti na vituo vya angani kwa bati la alumini, plastiki, waya na vifaa vya umeme alivyovikusanya, kisha anavitia taa na mota, hata sehemu zake zikazunguka. Kazi yake ya mwaka 2006 inaitwa La Cité des étoiles, yaani mji wa nyota. Ya mwaka 2013 inaitwa Station Vampires. Ukiona picha zake utadhani anamfahamu kila fundi wa California, kwa jinsi anavyoijua siri ya kusonganisha vipande upande mmoja na kuacha upande mwingine wazi. Lakini kuna jambo ambalo wale hawakulazimika kulifanya kila mara. Chombo cha filamu kinatosha kuonekana vizuri mbele ya kamera. Kituo cha Nimi lazima kifanye kazi. Taa iwake, mkono uzunguke, nyaya zisiungue. Kila kipande kinachaguliwa kwa umbo lake, kisha kinajaribiwa kama kinaweza kazi mpya. Kwangu mimi huo ni ugumu maradufu.

Kazi za wote wawili zilikutana Paris mwaka 2015, Fondation Cartier ilipofungua maonyesho ya Beauté Congo yaliyoandaliwa na André Magnin. Kingelez hakuyaona. Alikuwa amefariki Machi mwaka huo. Mei 2018 jumba la MoMA la New York likamfanyia maonyesho makubwa ya peke yake, yaliyodumu hadi tarehe 1 Januari 2019, ambapo wageni waliweza kuvaa miwani ya kompyuta na kutembea ndani ya Ville Fantôme kana kwamba ni mji wa kweli.

Huku mashariki mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Ituri, mkoa wetu, haikuwa na maonyesho. Ilikuwa na dhahabu ya Kilo, iliyojulikana tangu mwaka 1903, na mashine kubwa zilizoletwa kuichimba, ambazo zilipokufa zikawa ghala la vyuma kwa mafundi wa vizazi vilivyofuata. Kisha ikaja vita ya mwaka 1999 hadi 2003. Mei 2003 jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia, makundi yenye silaha yalipigana mjini na watu wengi wakauawa. Juni likaja jeshi la Ulaya chini ya Wafaransa kwa operesheni ya Artemis, na Septemba wakabaki askari wa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Watoto wa Bigo, kama wa mitaa yote iliyopitiwa na vita, walijenga walichokiona. Magari ya makopo ya sadini yalipakwa majivu au chokaa yakawa meupe, yakapewa antena ndefu ya waya. Helikopta zilitokea kwenye mabua na vipande vya bidoni za njano, magurudumu yakakatwa kwenye ndala zilizochakaa. Mafundi wa Hollywood walivunja vifaru vya plastiki wakapata vyombo vya amani ya angani au vita ya kubuni. Mtoto wa Bunia alikuwa na kifaru cha kweli barabarani, naye akakipunguza mpaka kikamtosha mkononi, akakivuta kwa kamba na kukipeleka alikotaka yeye. Sijui tiba nyingine ya bei hiyo.

Watu wazima nao walijibu. Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa aliyezaliwa mwaka 1967, aliunga maganda ya risasi na vijiko vikawa miili ya watu. Na tangu mwaka 2013 kundi la Kongo Astronauts, la Eléonore Hellio na Michel Ekeba, limekuwa likitembeza katika mitaa ya Kinshasa mwanaanga aliyevaa vazi lililoshonewa saketi za simu na kompyuta zilizokufa. Vazi hilo linatugusa sisi wa mashariki kuliko mtu yeyote. Katika saketi zile mna dhahabu, mna tantali inayotokana na koltani, madini yanayochimbwa kwa mikono katika mikoa yetu, yakasafiri hadi Asia, yakarudi kama simu, yakafa mikononi mwetu. Mwaka huohuo wa 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi alisimamisha katika njia panda za Kinshasa roboti za alumini za kuongoza magari, ndefu kuliko mtu, zikitumia nishati ya jua. Madereva waliozoea kumbembeleza polisi wakaanza kusimama kwa ajili ya mkono wa bati.

Leo katika vibanda vya mafundi simu wa Bigo, pembeni ya meza ya kulehemu, huwa kuna kopo la vitu visivyouzika: spika ndogo, mota za kutetemesha simu, lenzi za kamera, visahani vya redio, mota kutoka kwenye deki za DVD. Vijana huvinunua kwa bei ya mkate au hupewa bure. Gari la waya la zamani lilisukumwa kwa fimbo. La sasa lina mota ya deki, betri ya simu iliyovimba kidogo, na taa mbili mbele. Nimeona lori ambalo tangi lake lilikuwa kopo la rangi ya kupulizia na redieta yake ni kichujio cha chai, na aliyelijenga aliweza kueleza kwa nini alikataa vichujio viwili vya kwanza: matundu yake yalikuwa makubwa, yakalifanya lori lionekane dogo. Hakuwahi kusikia habari za Van Nuys. Amefikia kanuni ileile ya jicho peke yake, kwa kukataa vichujio.

Ninachokiomba kwa shule na parokia za Bunia ni kidogo. Gari kama lile hudumu mwezi mmoja, kisha hunyeshewa au vipande vyake hurudi kwenye kopo, na jina la fundi hupotea nalo. MoMA waliandika kwenye vibao vya Kingelez jina, mwaka na orodha ya vitu alivyotumia, hadi karatasi na plastiki. Rafu moja ya mbao katika darasa la Bigo, yenye kibao cha namna hiyo kwa kila modeli, jina la mtoto, tarehe, kopo la rangi, kichujio cha chai, mota ya deki, haihitaji bajeti ya wizara, na mwaka huu wa masomo ungetosha kuijaza.